Mtaro Mmoja, Ofisi Nne

Jua halijapanda juu ya ukuta wa karakana, na tayari mvuke umeujaza uwanja. Mwanamke aliyejifunga kitambaa cha kichwa barabara anainamia pipa la maji yanayotokota, anazamisha mti mrefu, anaugeuza, kisha anaunyanyua kwa mikono miwili. Kitambaa kinapanda nao, kizito kama mtu aliyezirai, kinachuruzika buluu.

"Bado," anasema, na kukizamisha tena. "Hiki bado kinadanganya. Kikikauka kitapauka, na mnunuzi atatutukana sisi, hatalitukana jua."

Anaitwa Bi Nili. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa na watoto wa mtaa kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo vimekuwa buluu tangu alipokuwa msichana, na ambavyo sabuni, ndimu na mchanga vimeshindwa kuvirudishia rangi aliyopewa na Mola wake. Amefikia umri wa kuitwa bibi, na wanaomwita hivyo ni wengi. Ujira wake wa siku haufiki bei ya kipande kimoja cha nguo anazozitoa pipani. Jambo hilo hulitaja bila manung'uniko, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Liko jambo jingine ambalo hawezi kulitaja bila sauti kupanda, hata wenzake wakaacha kukoroga mapipa na kumgeukia.

"Wametufungia darasa," anasema. "Watu wazima, wenye wajukuu, wenye kazi zao, tumefungiwa mlango kama kuku walioingia jikoni. Na kosa letu ni nini? Ati hatuna idara."

Darasa analolizungumzia hukutana kila Alhamisi baada ya alasiri, katika chumba cha nyuma ya zahanati kilichokuwa kimetupiwa vitanda vilivyovunjika. Wanafunzi wenyewe ndio waliovitoa vitanda hivyo, wakaziba nyufa, wakapaka kuta chokaa. Mwanzilishi wake ni mwalimu mstaafu, mama mwembamba wa sauti ya taratibu ambaye kila mtu humwita Mwalimu tu, na ambaye alichoshwa na kuona watu wa mtaa mmoja wakilaumiana juu ya mtaro mmoja, ilhali hakuna aliyeijua kazi ya mwenziwe.

Mtaro wenyewe si kitu cha kupigiwa picha. Unaanzia nyuma ya karakana ya rangi, unapita kwa madobi, unaupapasa ukuta wa zahanati, unakatiza uwanja ambao watoto huchezea mpira, unaingia katika bustani za mboga, kisha unamalizikia mtoni. Kila mtu hapa mtaani ana neno juu ya mtaro huo, na aghalabu neno lenyewe ni kwamba mwenye makosa ni jirani wa juu.

Darasani hakuna somo moja wala vipindi. Ipo kanuni, nayo haina msamaha: mwanafunzi haruhusiwi kuizungumzia kazi ambayo hajaishika kwa mikono yake. Basi kila mmoja hupangiwa zamu ya kushinda katika kazi ya mwingine. Mtia rangi hupelekwa bustanini. Mtunza bustani hupelekwa zahanati kumsaidia mkunga kuosha vifaa na kuwashika watoto wanaopakwa dawa ya vipele. Mkunga hupanda gari la kunyonya makaro. Dereva wa gari hilo hukaa na kijana anayepima maji, akamshikia chupa. Alhamisi ikifika, kila aliyetoka zamu hueleza alichokiona, kisha ndipo maswali yanaporuhusiwa, na pamoja nayo mabishano, vicheko na, mara chache, machozi.

Bi Nili alichaguliwa kuwa mtunza zamu. Ni yeye apangaye nani aende kwa nani.

"Mwanzoni nilikwenda kwa ubishi," anakumbuka. "Nilisema, mimi nitajifunza nini kwa mtu wa matuta? Mboga nazijua, nazila."

Zamu yake ya kwanza ilimpeleka kwa mzee wa bustani, maarufu kwa jina la Babu Matuta, ambaye mgongo wake umepinda kwa kuinamia mboga hata akisimama huonekana kama bado anatafuta kitu ardhini. Bi Nili alimkuta amejikalia kando ya mtaro, ndoo tupu pembeni yake.

"Karibu, mjukuu," akamwambia. "Keti kwanza. Bado hamjamwaga."

"Hatujamwaga nini, babu?"

"Leo si Jumatano? Jumatano ni nyekundu. Ngoja ipite ndipo tuchote. Jumatatu ni kijani, hiyo haidhuru sana. Mimi kalenda sina, nawategemea nyinyi."

Wakakaa. Na kweli, kabla jua halijafika utosini, maji yakaja mekundu, yakapita mbele yao polepole kama mgeni asiye na haraka. Bi Nili aliijua rangi ile. Alikuwa ameichemsha mwenyewe jana yake.

"Nilicheka," anasema. "Wallahi nilicheka, kwa sababu babu alikuwa anachekesha. Kisha akanionyesha matuta ya chini, yaliyo karibu na maji. Majani yamejikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni. Akaniambia, 'Hapa nilikosea siku moja, nikachota Jumatano.' Kicheko kikanikauka."

Alhamisi ile alizungumza kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Darasa zima likashika kazi. Kijana wa kupima maji akaeleza kwamba rangi ikichanganywa na chokaa hutuama chini, maji yakabaki meupe. Babu Matuta akaja na jembe. Mwenye karakana, baada ya kubembelezwa sana na kuahidiwa kwamba hatatoa chochote mfukoni, akaruhusu lichimbwe shimo la kutuamishia maji nyuma ya uwanja wake. Baada ya wiki chache mtaro ukatakata. Madobi wakashangilia. Mwalimu akaleta biskuti.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo darasa halijalisahau.

Shimo likajaa tope. Wakamwita dereva wa gari la makaro, mwanafunzi mwenzao, mtu wa miraba minne aliyepachikwa jina la Marashi kwa utani ambao hakuna haja ya kuufafanua. Marashi akaja na gari, akalinyonya tope lote, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza analipeleka wapi. Walikuwa na mtu wa maji, na mtu wa rangi, na mtu wa mboga, na mtu wa afya, na kila mmoja alikuwa ameridhika na kipande chake.

Jalala la mji lilikuwa limefungwa siku hiyo, mlinzi hayupo. Marashi akaendesha mpaka kilimani, akaona uwazi wenye kibao kikubwa kando yake, akamwaga hapo. Mvua ya kwanza iliponyesha, tope liliteremka lote na chokaa yake, likaingia katika chemchemi, na kutoka chemchemi likaingia katika bustani kwa upande wa nyuma. Matuta ya Babu Matuta yaliungua tangu mwanzo hadi mwisho.

Mzee aliingia darasani akiwa na mche mmoja mkavu mkononi. "Asanteni, wanangu," alisema. "Zamani mlikuwa mkiniletea maji ya rangi. Sasa mmenifanyia wepesi, mnaniletea rangi bila maji."

Hakuna aliyecheka.

Marashi aliulizwa kama hakukiona kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni marufuku kumwaga taka mahali pale.

"Nilikiona," akajibu.

"Ulikiona, na bado ukamwaga?"

"Nilikiona," akarudia, na tangu siku hiyo baadhi ya wenzake wakamhesabu kuwa mtu mkaidi asiyejali. Bi Nili alikuwa mmoja wao. Kwa miezi kadhaa hakumpangia mtu zamu katika gari lake.

Hata hivyo, darasa halikuvunjika. Lilijifunza kwamba uchafu ukiondolewa machoni haujaondoka duniani, na kwamba kila suluhisho lina mkia unaofika kwa mtu fulani. Wakarudi tena karakanani. Maji ya kusuuza rangi nyepesi sasa hayamwagwi. Hutumika kuanzia pipa la rangi nzito. Dawa ya kukamatishia rangi imepunguzwa. Tope hukaushwa chini ya paa na kufungiwa ndani ya mapipa. Mapipa hayo yamejipanga nyuma ya karakana yakingoja mji utenge mahali pa kuyazika kwa usalama. Yangali yanangoja. Zimekwisha kupita mvua, na vumbi, na mvua nyingine, wala hakuna mwenye mamlaka aliyekwenda kuyatazama.

Kwa wanaodhani kwamba watu wazima hawafundishiki, mkunga wa zahanati ana jibu. Watoto wa vipele aliokuwa akiwapaka dawa wamepungua hata chupa moja ya dawa, iliyokuwa haimalizi siku, sasa huvuka wiki. "Nilikuwa nawatibu, wanarudi mtaroni, wananirudia," anasema. "Nilifanya kazi hiyo miaka na sikuwahi kuufuata mtaro hadi unakotoka. Ulikuwa unapita nyuma ya ukuta wangu!"

Darasa lililoleta hayo ndilo lililofungwa.

Asubuhi moja kufuli liliwekwa mlangoni. Bi Nili na wenzake walipofika Alhamisi, walichungulia dirishani wakaona viti. Viti vya ofisini, vilivyovunjika miguu na kuchanika migongo, vimerundikwa hadi darini. Mlinzi akawaambia kwamba chumba kimechukuliwa na idara ya majengo kuwa ghala.

"Basi viti vibovu vina idara inayovitafutia pa kulala," anasema Bi Nili, na hapa mti wake unaligonga pipa hata maji yakaruka. "Watu wazima hawana. Ningekuwa kiti, nimevunjika mguu, ningekuwa na kwetu."

Waliambiwa kwamba chumba kingerudi kwao siku ambayo idara moja ya baraza la mji ingekubali kwamba darasa ni lake. Wakaenda kuitafuta.

Jengo la baraza lina ukumbi mrefu wa katikati wenye sakafu inayong'aa, na milango minne inayotazamana, miwili huku na miwili kule. Mtu akisimama katikati anaweza kuisoma yote bila kugeuza zaidi ya shingo: Maji, Afya, Kilimo, Elimu. Ni hatua chache tu kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Hakuna mtu aliyewahi kuonekana akizipiga hatua hizo isipokuwa mhudumu wa chai.

Katika mlango wa maji waliambiwa kwamba idara inahusika na maji yaliyo ndani ya bomba. Yakishatumika yakatoka, hayo si maji yao tena. Katika mlango wa afya waliambiwa kwamba kazi ni kutibu vipele, na mtaro hauna vipele. Katika mlango wa kilimo waliulizwa hati ya shamba la Babu Matuta, na kwa kuwa hana hati, ikaelezwa kwamba kwa mujibu wa kanuni anachokilima hakilimwi.

"Nikajitazama mikono," asema mzee huyo. "Nikasema labda naota."

Mwenyezi Mungu ameyateremsha maji, akayapitisha juu ya kila kiumbe bila kuuliza idara. Yanatoka kwa mtia rangi yakaingia kwa dobi, yakatoka kwa dobi yakaingia katika ngozi ya mtoto, yakatoka hapo yakapanda katika jani la mboga, na jani likaishia katika sahani ya huyo huyo aliyeketi nyuma ya mlango akisema hayamhusu. Kuigawa amana hiyo vipande vinne, kisha kila mwenye kipande akakitupia macho na kusema changu hakina kosa, ni dhuluma isiyo na hata aibu ya kujificha. Imeandikwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu.

Katika mlango wa nne, wa elimu, walipata angalau viti. Afisa wa elimu ya watu wazima ni mtu mpole, na hakuna anayemsema kwa ubaya.

"Mama zangu, baba zangu, nawaelewa," alisema, akifuta miwani. "Lakini nanyi nioneeni huruma. Mkizungumza maji, hilo la jirani yangu. Mkizungumza vipele, hilo la yule pale. Mboga, la yule kule. Mimi elimu yangu iko wapi hapo?"

"Elimu ndiyo hii inayokuuliza," akasema Marashi kutoka nyuma, na wote wakacheka, afisa naye akacheka.

Kisha akawapa njia. Alikuwa na mpango wa darasa la kusoma na kuandika ambao haukuwa na wanafunzi wa kutosha. Wajiandikishe humo. Chumba wangekipata tena, na ubao mpya, na madaftari. Masharti ni mawili: somo liwe alifabeti, na hakuna mwanafunzi kutoka nje ya chumba wakati wa somo.

"Yaani zamu zife," Bi Nili akasema.

"Zamu hazimo katika mtaala, mama."

"Na tuandike kwamba hatujui kusoma?"

"Ni karatasi tu, mama. Nani atawauliza?"

Walipewa hadi Alhamisi iliyofuata watoe jibu.

Jioni hiyo Bi Nili alikwenda nyumbani akiwa haoni njia. Anaishi vyumba viwili na mama mkwe wake, ajuza mwenye macho hafifu na ulimi usiohafifika, ambaye marehemu mumewe Bi Nili alimwacha mikononi mwake kama amana. Chumba cha mbele kina kitanda cha ajuza, kabati moja, na dirisha linalotazama mtaroni. Tangu mkwewe aanze darasa, mama huyo hajaacha kumfanyia mzaha: umri huu mtu anakwenda shule, akifaulu aozwe tena?

Safari hii hakufanya mzaha. Aliposikia habari ya karatasi alijiinua juu ya mto.

"Uandike kwamba hujui kusoma?"

"Ndivyo wanavyotaka, mama."

"Nawe unanisomea dua kitabuni kila Ijumaa. Sasa mimi niseme nini? Kwamba miaka yote hiyo ulikuwa unabuni?"

Bi Nili akainama kumrekebishia mto.

"Mwanangu," ajuza akaendelea, "mtu hukopa nguo, hukopa sufuria, hukopa hata ndevu za kwenda nazo harusini. Ujinga haukopwi. Ukishauvaa watakuuliza umeupeleka wapi."

Alhamisi ilipofika, kwa kuwa chumba hawana, darasa lilikutana katika ule ukumbi wa baraza, mbele ya ile milango minne, wengine wameketi katika benchi na wengine sakafuni. Hawakuwa na nia ya kumuudhi mtu. Ndipo palipokuwa na kivuli, na ndipo jibu lilipotakiwa kupelekwa.

Mwalimu alizungumza wa kwanza, na alizungumza kwa kukubali. Amezeeka, alisema, hana nguvu tena ya kufundishia barabarani. "Jina tulivae mbele yao, tukiingia chumbani tulivue. Tukikosa chumba tutatawanyika. Nimeyaona madarasa mengi yakifa, na hayakufa kwa kukosa ukweli. Yalikufa kwa kukosa paa."

Bi Nili alisimama kumpinga, na ilimuuma kumpinga. Akasema kwamba zamu zikifa darasa limekufa, hata likipewa ubao wa dhahabu. Akasema kwamba mkaguzi atakuja, na akija atataka kuwasikia watu wazima wakiimba a, e, i, o, u, na wataziimba, na mtaro utapita nyuma ya ukuta kama zamani. Akasema hajui mtu hata mmoja hapo asiyejua kusoma, na ni haramu kuchukua ubao wa asiyejua.

"Yupo," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya Marashi. Alikuwa ameegemea nguzo, kofia mkononi.

"Mimi mwenzenu sijui kusoma, dada. Hiyo alifabeti mnayoicheka, mimi naitaka."

Mlango mmoja ulifunguka kidogo.

"Na kile kibao," Bi Nili akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nilikiona. Niliwaambia nilikiona. Kina mshale mkubwa unaoelekea chini. Nikadhani unaniambia hapa ndipo."

Mshale ule ulikuwa ukionyesha chemchemi.

Bi Nili anasema kwamba hakuwahi kuaibika kiasi kile. Walikuwa wamepanda gari la Marashi, wameshika mpira wake wa kunyonyea, wamejua jinsi mgongo wake unavyouma na jinsi watoto wanavyokimbia wakimzomea. Wameijua kazi yake yote. Na kwa kuwa darasani kila kitu husemwa kwa mdomo, hakuna aliyegundua kwamba mtu huyo hupita mjini mchana kutwa katikati ya maandishi yasiyomwambia neno. Walimwita mkaidi.

Lakini aibu ile haikukaa peke yake kwa muda mrefu. Ilipandwa na hasira. Maana kibao kilisimikwa na idara ya maji. Gari ni la idara ya afya, nayo ndiyo iliyomwajiri dereva wala isimuulize kama anasoma. Madaftari ya kujifunzia kusoma yamefungiwa kabatini katika idara ya elimu kwa kukosa wanafunzi. Mboga zilizoungua ziko chini ya kilimo, ikiwa zimewahi kuwepo. Milango minne, hatua chache, na mtu mmoja katikati yake aliyeachwa aubashiri mshale.

"Nikaipigia kelele ile milango," anasema Bi Nili. "Mimi, niliyelelewa nisipaze sauti mbele ya wanaume. Nikasema, huyu hapa! Huyu ndiye mwanafunzi mnayemtafuta, na huyu ndiye dereva wenu, na huyu ndiye aliyeiharibu chemchemi yenu, na huyu ndiye aliyeziunguza mboga mnazosema hazipo. Ni mtu mmoja! Mnamgawaje?"

Afisa wa elimu alitoka nje, akasimama na miwani yake mkononi. Alisema kwamba Bwana Marashi anaweza kujiandikisha wakati wowote. Yeye peke yake.

"Peke yangu sendi," Marashi akasema. "Nitacheka na nani?"

Babu Matuta, ambaye matuta yake ndiyo yaliyoungua, alinyanyuka taratibu akamwendea, akamshika bega. "Mimi najua kusoma kidogo," alimwambia. "Lakini hiyo karatasi ya kusema sijui, mkono wangu umekataa kuishika. Wewe utasoma, kijana. Tutakusomesha sisi, na huo mshale utauongoza wewe."

Mikono ilipoinuliwa, waliokataa kujiandikisha kwa jina la uongo walikuwa wengi kupita waliokubali. Mwalimu aliinua wake pamoja na waliokubali, hakuuficha. Kura ilipokwisha akafungua mkoba, akatoa chaki, akamkabidhi Marashi. "Andika hapa chini," akasema, akimwonyesha sakafu ile inayong'aa. "Herufi ya kwanza ya jina lako. Tuone nani atakuja kuifuta."

Tangu siku hiyo zamu ya gari la makaro ndiyo inayogombewa. Aliyepangiwa hupanda mbele na dereva, na njia nzima husoma pamoja naye kila kilichoandikwa: maduka, vibao, tahadhari zilizobandikwa juu ya mapipa ya dawa. Marashi husoma polepole, kidole hewani, na huwakasirikia wenye kuandika vibaya. Amekwisha kukirekebisha kibao kimoja cha kinyozi.

Mapipa ya tope yangali nyuma ya karakana. Chumba kingali cha viti. Mvua kubwa za mwaka zinakaribia, na Bi Nili anataka shimo la pili lichimbwe kwa madobi kabla hazijaanza, na mji utoe mahali pa kuyazika mapipa kabla hayajaoza. Anataka pia kila mlango kati ya ile minne umtoe mtu mmoja achukue zamu: wa maji apelekwe bustanini, wa kilimo zahanati, wa afya karakanani, na wa elimu katika gari. Amekwisha kuwaalika kwa mdomo, mlango baada ya mlango. Hajajibiwa. Siku zao amezipanga vilevile.

Hadi watakapojibu, darasa litakaa ukumbini, kila Alhamisi baada ya alasiri. Mikeka imepatikana. Mwalimu atakalia benchi, kwa sababu ya magoti yake.

"Hatutagonga tena mlango wa mtu," Bi Nili anasema, akikamua kitambaa ambacho sasa ameridhika nacho. "Tutasoma tu. Mwenye kutaka kutoka ofisini atatupita, na akitupita atatusikia."

Mama mkwe alipousikia mpango huo alimuuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: na wakija kuwafukuza?

"Nikamwambia, mama, nani atatufukuza?" Bi Nili anatundika kitambaa kambani, anakinyoosha kingo kwa vidole vyake vya buluu. "Wa maji atasema sisi si wake. Wa afya atasema si wake. Mpaka wakubaliane sisi ni wa nani, tutakuwa tumemaliza muhula."